Kidonge cha Moyo na Siku za Watu

Kaa hapo kwenye kiti chenye mto, weka simu pembeni kidogo, nikusimulie habari ya moyo wa mama mkwe wangu. Nimefundisha sayansi katika shule za msingi kwa miaka mingi, na kazi hiyo imenizoesha kueleza jambo moja mara tatu bila kuchoka. Ukifika mahali usinielewe, usione haya. Kosa litakuwa la mwalimu.

Mama mkwe wangu anaishi Kalenga, upande wa Iringa, karibu na mto, ambako watu wanalima nyanya na vitunguu hata mvua zikiwa zimekwisha. Mimi ni mtu wa Mbeya. Naishi Iyunga, hatua chache kutoka barabara kuu, na nimezoea kusahihisha madaftari huku malori yakitetemesha vikombe kabatini. Nilipoolewa, nilipelekwa Kalenga kutambulishwa, nikamkuta mwanamke mrefu, mkavu, mwenye viganja vigumu vya mkulima. Alikuwa akijulikana kijiji kizima kwa salamu zake.

Wanawake wa nyanda hizi wote tunajua kupiga goti mbele ya mkubwa. Hata sisi Mbeya tunashuka. Lakini yeye salamu kwake ilikuwa kazi, na aliifanya kama fundi anavyofanya kazi yake. Akimwona mtu mzima anakuja, aliweka chini alichobeba, hata kama ni ndoo ya maji, akakusanya kanga zake, akashuka magoti yote mawili mpaka ardhini, viganja vimekutana kifuani, ndipo akatoa salamu ya Kihehe, "Kamwene." Baada ya hapo aliuliza habari za nyumba, za watoto, za mifugo, za shamba, za mgonjwa kama yupo. Hakuuliza kwa kupita. Alingoja jibu. Akimaliza aliinuka mara moja, wima, akabeba ndoo yake. Siku ya Jumapili, kutoka mlango wa kanisa mpaka barabarani, mwendo wa dakika tano, yeye alitumia karibu saa nzima. Mume wangu alinionya mapema kwamba tukienda kanisani na mama, tule kwanza.

Nilimcheka kimoyomoyo mwanzoni, kwa sababu nilikuwa kijana na nina haraka. Baadaye nilianza kuona kitu. Hakukuwa na mtu Kalenga aliyefiwa, aliyeuguliwa au aliyeharibikiwa na shamba ambaye mama mkwe wangu hakujua habari zake. Alikuwa amezipata zote akiwa chini, magotini, akisikiliza.

Miaka michache iliyopita moyo wake ulianza kumsumbua. Alitupigia simu na kusema kwa sauti ya mshangao zaidi kuliko ya hofu, "Mimi nimekaa, moyo unakimbia. Unakwenda wapi, sijui." Miguu ilivimba. Akawa analala akiwa ameegemea mito mitatu, kwa sababu akilala chini pumzi inakatika. Mume wangu alikwenda kumchukua na kumpeleka hospitali Iringa mjini, akapimwa umeme wa moyo na picha ya moyo. Daktari akaeleza kwamba presha ilikuwa imepanda kwa miaka mingi bila yeye kujua, msuli wa moyo umechoka, na mapigo yake yanakwenda mbio tena bila mpangilio. Akaandikiwa dawa kadhaa. Moja ilikuwa ya kutoa maji mwilini, na nyingine ilikuwa kidonge kidogo cheupe, kidogo kuliko punje ya mahindi, cha kumezwa asubuhi na jioni. Hicho kilikuwa cha kundi la dawa linaloitwa beta bloka.

Familia ikaamua kwamba mwenye kazi ya kumweleza ni mimi. Nikapanda basi kwenda Kalenga, nikamkuta anachambua maharage kwenye ungo, nikakaa naye nikachambua.

Nilimwambia hivi. Mwili una mjumbe wake wa dharura. Ukikutana na nyoka shambani, mjumbe huyo anaingia kwenye damu, anafika kwenye moyo, anagonga mlango na kusema, kimbia. Moyo unatii. Hiyo ni kazi nzuri, imeokoa watu wengi na nyoka wengi wamekosa cha kuuma. Lakini moyo ukichoka, mwili unaona hatari kila saa, na mjumbe anatumwa asubuhi hadi jioni bila nyoka yeyote. Moyo unapigwa kama punda. Unakimbia kiasi kwamba haupati nafasi ya kujaa damu, kwa hiyo kila unaposukuma, unasukuma tone. Sasa kidonge hiki kinakwenda kukaa pale mlangoni. Mjumbe akija anakuta mahali pake pamekaliwa, na ujumbe haufiki wote. Moyo unapunguza mbio, unajaa vizuri, unasukuma damu ya kutosha, presha inashuka, na msuli uliochoka unapata kupumzika.

Alisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiendelea na maharage. Kisha akasema, "Kwa hiyo ni kama maksai wa jembe. Akikimbia, mstari unapinda na yeye mwenyewe anachoka kabla ya saa nne. Ukimshika kamba vizuri, analima mpaka mwisho wa shamba."

Nilimwambia kwamba nimefundisha miaka mingi na sijawahi kusikia mfano mzuri kuliko huo. Akasema, "Andika basi, Mwalimu, usije ukasema ni wako." Ndiyo, aliniita Mwalimu tangu siku ya kwanza, kwa heshima na kwa utani kwa pamoja, na sikuwahi kujua vipimo vyake.

Sasa nikuambie nilipokosea, kwa sababu kosa hili nimeliona kwa watu wengi wenye nia njema. Nilimweleza faida tu. Karatasi iliyokuja na dawa ilikuwa na orodha ndefu ya madhara yanayoweza kutokea, na daktari alimtajia mume wangu mengine kwa mdomo. Mimi nikayanyamazia. Niliogopa kwamba akisikia neno kizunguzungu, au uchovu, au mapigo kupungua mno, atakataa dawa. Nilijiambia kwamba namtia moyo. Kumbe nilimwacha aende njia ngeni bila kumwambia mahali penye shimo.

Na dawa ilifanya kazi vizuri hasa. Wiki mbili za kwanza alisema anajisikia mzito, kama anatembea ndani ya maji, nami nikamwambia avumilie, na kweli uzito ule ukapungua. Mwezi wa pili miguu ilikuwa imenywea. Mito ikapungua kutoka mitatu hadi mmoja. Baridi ya Juni ilipoingia vidole vyake vilikuwa vya baridi kuliko zamani, kwa kuwa dawa hizi huweza kupunguza joto la mikono na miguu, akajifumia soksi za mikono za sufu nyekundu na kuzivaa hadi kanisani. Alirudi kwenye bustani ya vitunguu. Nilipomtembelea mwezi wa Agosti alinitangulia njiani kutoka mtoni, akageuka na kuniuliza kama watu wa Mbeya wote wanatembea hivi au ni mimi peke yangu.

Nilirudi Iyunga nikiwa na furaha. Sikujua kwamba kabla mwaka haujaisha angekuwa na jambo la kunificha.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, kaka yake mkubwa alifariki huko Idodi, njia ya kwenda hifadhi ya wanyama. Mume wangu alikuwa safari ya kikazi, mimi nilikuwa na mitihani ya robo muhula, tukakubaliana kwamba mama atangulie na ndugu wa Kalenga, nasi tungefika siku ya maziko. Kabla hatujaondoka, nikiwa darasani, simu ikaita. Alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu anayekaa Iringa mjini. Mama alikuwa ameshikwa na moyo msibani. Ulianza kwenda mbio asubuhi, kifua kikambana, jasho likamtoka, akashindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Walimpeleka kwanza kituo cha afya, kisha wakamleta hospitali kwa gari la jirani. Nikamkabidhi darasa mwalimu mwenzangu na kuondoka.

Nilifika jioni. Alikuwa amewekewa oksijeni, macho wazi, hasira usoni. Hakuwa na hasira na ugonjwa. Alikuwa na hasira kwa sababu amezikosa salamu za wazee waliokuja Idodi kutoka mbali kumzika kaka yake. Daktari, kijana mpole, aliniambia kwamba moyo umerudi kwenda mbio mno na haijulikani kwa nini, maana mgonjwa anasema dawa anakunywa. Akaniomba nilete dawa zenyewe azione.

Mkoba wake ulikuwa chini ya kitanda. Nilitoa karatasi za vidonge, nikavihesabu, na mwalimu wa sayansi akihesabu anajua. Vidonge vyeupe vilivyobaki vilikuwa vingi kuliko inavyopasa. Vile vya kutoa maji vilikuwa sawasawa. Nikasogea kitandani.

"Mama, hivi vyeupe vimebaki vingi."

"Vimebaki vya siku za watu."

"Siku za watu ni siku gani?"

"Siku za nyumbani nakunywa, sikosi. Siku za watu naviacha. Harusi, msiba, ubatizo, mkutano wa akina mama. Kule Idodi nilikwenda kukaa na watu wengi, nimeviacha tangu tulipopata habari. Leo siku ya nne."

Nikamwuliza kwa nini. Akageuza uso ukutani, na mambo yakatoka polepole, akiambia ukuta. Mwishoni mwa mwaka uliotangulia, ndugu walikuja Kalenga kupokea posa ya binti wa ukoo. Asubuhi ile alikuwa amemeza dawa zake zote kwa pamoja kabla ya kula chochote, kwa sababu wageni walikuwa njiani na jiko lilikuwa la kwake. Wageni wakaingia. Akashuka magotini kama kawaida yake, akasalimia wazee watano mmoja mmoja, akauliza habari zote, akainuka mara moja kama kawaida yake. Dunia ikazunguka. Akakaa chini kwenye matope, kanga zikiwa upande, mbele ya wageni. Wakati ule kila nyumba ilikuwa na ulanzi, ile pombe inayogemwa kwenye mianzi, na mzee mmoja wa upande wa wageni akasema kwa sauti ya kuchekesha kwamba mama wa kanisa ameanza mapema. Watu wakacheka. Wakamwinua, wakamcheka tena kidogo, kwa upendo, ndivyo alivyosema. Kwa upendo.

Yeye hajawahi kuonja ulanzi maisha yake yote. Ni kiongozi wa akina mama kanisani.

"Nikajua ni kidonge," akasema. "Maana kabla ya kidonge sikuwahi. Nikasema, sawa. Moyo nitaulinda siku za nyumbani. Siku za watu nitalinda jina langu."

Mwanamke huyu alikuwa amebuni mpango wake wa dawa, ameufuata kwa nidhamu kubwa kuliko wanafunzi wangu wote, na mpango huo ulikuwa unamwua. Na ningeweza kuuzuia kwa sentensi mbili siku ile ya maharage.

Daktari alipoelezwa hakumkaripia. Alivuta kiti, akamwambia kwamba kundi hili la dawa haliachwi ghafla. Mwili ukizoea kuzuiwa pale mlangoni, unaongeza milango. Siku kizuizi kinapoondoka kwa mara moja, mjumbe anaingia kwa milango yote, na moyo unakimbia kuliko ulivyokimbia kabla ya dawa. Kwa mtu mwenye moyo uliochoka au mishipa ya moyo iliyobana, hiyo inaweza kuleta shambulio la moyo lenyewe. Kama dawa inabidi iachwe, inapunguzwa kidogo kidogo, kwa siku na wiki, daktari akiangalia.

Mama mkwe wangu akanitazama mimi, si yeye. "Maksai akiwa anavuta kamba, ukaiachia kamba," akasema.

"Anaingia kwenye nyumba ya mtu," nikamalizia.

"Ile sehemu hukunifundisha, Mwalimu."

Nikasema ni kweli, sikumfundisha, na nikamwomba radhi. Alinyoosha mkono wake wa baridi akashika wangu. Lakini akasema jambo ambalo lilinitisha kuliko oksijeni ile. Alisema ameelewa, na kwa hiyo daktari ampunguzie taratibu mpaka ziishe, kwa sababu yeye hawezi kuishi miaka iliyobaki akisalimia watu kwa mkono kama askari wa barabarani. Alimaanisha. Daktari akajaribu kumweleza, nami nikajaribu, wifi yangu akalia. Yeye akafumba macho.

Aliyeokoa jambo ni muuguzi wa wodi ile, mama wa makamo, Mhehe mwenzake, mwenye viatu vya raba na miwani iliyofungwa uzi. Asubuhi ya pili alikuja na mashine ya presha. Kabla ya yote, alifika ubavuni mwa kitanda, akashuka magoti yote mawili kwenye sakafu ile ya saruji, viganja kifuani, akasema, "Kamwene, mama." Akauliza habari za Kalenga, za vitunguu, za msiba wa Idodi, kama kaka ameshazikwa. Mama mkwe wangu akafumbua macho, akajibu moja baada ya jingine. Nilikuwa nimemwona akitoa salamu hizo mara elfu. Sikuwahi kumwona akizipokea.

Kisha muuguzi hakuinuka. Alibaki magotini na kuanza kusema.

"Mama, mimi nina miaka hamsini na nne na presha yangu nakunywa dawa kama yako. Niangalie ninavyoinuka. Goti halina kosa. Kosa ni kuruka juu kama mtu aliyeitwa na polisi."

Akaweka mguu mmoja mbele, unyayo chini. Akatulia hapo, akivuta pumzi, akikunja na kukunjua ngumi. Akaegemea ukingo wa kitanda na kujiinua mpaka akawa ameinama nusu, mikono kwenye mapaja. Akatulia tena. Ndipo akasimama. Ilichukua muda wa kuimba ubeti mmoja.

Akatueleza sababu. Ukisimama, damu inavutwa chini miguuni, na moyo unatakiwa kuongeza mwendo papo hapo ili kichwa kisikose. Mtu aliyekunywa beta bloka, moyo wake hauongezi mwendo haraka, maana ndiyo kazi ya dawa hiyo. Ukichanganya na dawa ya kutoa maji, na tumbo tupu, na magoti yaliyokunjwa dakika kumi, kizunguzungu hakikosi. Akampima presha akiwa amelala, akampima tena akiwa amesimama, akamwonyesha tofauti kwenye karatasi. Ilikuwa kubwa. Daktari alipokuja aliitazama karatasi ile muda mrefu. Dawa ikarudishwa kwa kiasi kidogo, ikapandishwa polepole wiki kwa wiki kila alipokuja kliniki, imezwe baada ya chakula, na ile ya kutoa maji ikasogezwa saa yake ili zisikutane.

Kabla hajaruhusiwa, muuguzi yule alimfundisha kuhesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono. Alimwambia yakiwa chini ya hamsini kwa dakika, au akizimia, au pumzi ikibana, au miguu ikivimba upya, asingoje tarehe ya kliniki. Mama mkwe wangu aliitoa saa ya mkononi ya marehemu mumewe kutoka sandukuni, akaitia betri. Mpaka leo kila asubuhi baada ya uji anakaa kwenye kigoda, vidole viwili kwenye kifundo, midomo ikihesabu, na kuku wanajua hawatapata chochote mpaka amalize.

Nimemwona mwanamke huyu akijifunza, akiwa na umri ambao wengi wanasema hawafundishiki. Alitaka kujua yote, yale mazuri na yale mabaya, na safari hii nilimpa yote. Jirani yake, mwenye pumu, alimwomba kidonge kimoja tu kwa sababu naye moyo wake unadunda. Alimkatalia, akamweleza kwamba kinaweza kumfunga kifua mwenye pumu, akamsindikiza mwenyewe zahanati. Shemeji yake ana kisukari, naye anakunywa dawa ya kundi hilohilo. Alimwuliza kama anajua kwamba sukari ikishuka huenda asihisi moyo kudunda wala mikono kutetemeka kama zamani, kwa hiyo apime na asingoje dalili. Shemeji alinipigia simu kuuliza mama amesomea wapi. Nilimjibu kwamba amesomea magotini.

Lakini siku ya watu ilikuwa bado haijaja. Alikuwa ametoka hospitali, akakaa nyumbani miezi, na nyumbani hakuna aliyemcheka mtu. Mtihani ulikuja mwezi wa Septemba, kwangu, Iyunga. Wazee wa upande wa kijana aliyemchumbia binti yetu walikuwa wanakuja kujitambulisha. Bibi wa binti lazima awepo, na bibi ndiye wa kuwapokea. Alifika siku mbili kabla. Sikumwuliza kitu, ila nilivihesabu vidonge vyake akiwa anaoga. Vilikuwa sawa.

Asubuhi yenyewe nilikaanga viazi, nikampa na chai. Alikula polepole. Alitoa kidonge cheupe, akakiweka mezani, akakitazama. Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi na sikusogea. Alisema, bila kuinua macho, "Leo wakicheka, watacheka mbele ya mjukuu wangu."

"Ndiyo, Mama."

"Na nisipokinywa, naweza kufa mbele ya mjukuu wangu."

"Ndiyo, Mama."

Akakimeza. Akafungua mdomo na kunionyesha ulimi, kama watoto wa darasa la kwanza siku ya dawa za minyoo, akaenda kuvaa.

Wageni walifika saa tano. Wazee watatu na mama mmoja, wamevaa makoti, watu wa kule juu milimani. Walipoketi sebuleni, mama mkwe wangu alitoka chumbani, akashuka chini mbele yao, magoti yote mawili, viganja kifuani. Aliwasalimia mmoja mmoja. Aliuliza habari za viazi vyao, za barabara, za mvua kama imeonyesha dalili. Wazee wakalainika, nikaona mabega yao yakishuka. Kisha ukafika wakati wa kuinuka.

Akaweka mguu mmoja mbele. Akatulia. Binti yangu aliniangalia, mume wangu akaanza kusogea, nikamshika koti. Mzee mkubwa wa wageni akainama kwenye kiti chake.

"Mama, tukusaidie?"

"Hapana, baba. Ninasimama kwa vituo. Moyo wangu una dawa ya kuuzuia mbio, nikiinuka haraka naanguka, halafu mtasema bibi harusi katoka ukoo wa walevi."

"Vituo vingapi?"

"Vitatu. Hiki ni cha kwanza."

Walicheka, yeye akiwa wa kwanza, mkono kwenye ukingo wa kiti. Alifika cha pili, akainama pale, mikono mapajani, na kuwaambia kwamba hapa huwa anangoja abiria. Alipofika cha tatu alikuwa wima, kanga zimekaa, na mama wa upande wa wageni akapiga kigelegele kama ndoa imeshafungwa.

Baada ya chakula mzee yule mkubwa alihamia kiti cha karibu yake. Nilikuwa naondoa sahani, nikasikia. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba naye alipewa dawa ya kundi hilo baada ya moyo kumsumbua mwaka jana, na ameiacha wiki hii, kwa sababu akiinama shambani anaona giza, na hakutaka vijana wake wajue kwamba amezeeka. Hakumwambia mtu yeyote, hata daktari.

Mama mkwe wangu hakumcheka na hakumtisha. Alimwuliza ameacha siku ngapi, na kama kifua kinambana. Kifua hakikumbana, siku zilikuwa tatu. Akamwambia leo hii, kabla hajarudi milimani, mwanawe ampitishe hospitali, asianze kumeza mwenyewe nyumbani kufidia alizoruka, na akifika aseme ukweli wote. Mzee akaondoka mapema, mwanawe akiendesha, na mambo ya mahari tukayamalizia kwa simu.

Nami nakuambia hilohilo, wewe uliyenisikiliza mpaka hapa. Kama unakunywa dawa ya kuuzuia moyo mbio, au mama yako, au baba yako, imezwe kila siku kama ilivyoandikwa, ya nyumbani na ya watu. Kama kifua kinabana sasa hivi au pumzi inakatika, nenda hospitali sasa hivi. Kama ni kizunguzungu, uchovu, baridi ya vidole au aibu tu, usiiache. Chukua vidonge vyote vilivyobaki, vitie kwenye mfuko, nenda navyo kliniki leo hii, umwambie aliyekuandikia siku ulizoruka na sababu yake.